Atomu Zilizovimba na Mtego wa Sumaku

Mwaka 1913, Niels Bohr alipokuwa akiandika makala zake kuhusu umbo la atomu, kulikuwa na jambo dogo ambalo wapimaji wa mwanga walikuwa wamelizoea bila kulielewa. Hidrojeni ikichochewa kwa umeme ndani ya bomba la kioo lililonyonywa hewa, hutoa mwanga wenye mistari, na mistari hiyo husogeleana kadiri inavyoelekea upande wa zambarau. Maabarani haikuonekana zaidi ya mistari 12 ya mfululizo huo. Lakini waliotazama mwanga wa baadhi ya magimba ya angani walikuwa wamehesabu 33. Gesi ni ileile. Mistari mingine 21 ilikuwa imekwenda wapi?

Jibu la Bohr lilikuwa fupi. Katika atomu yake, elektroni hukaa kwenye ngazi zenye namba, na upana wa atomu hukua kwa mraba wa namba hiyo. Elektroni iliyo kwenye ngazi ya 12 huifanya atomu iwe na upana mara 144 ya ule wa kawaida. Ya 33 huifikisha mara 1,089. Atomu ya ukubwa huo inahitaji nafasi, na ndani ya bomba la maabara nafasi hiyo haipatikani, kwa sababu majirani huigonga kabla haijatoa mwanga wake. Angani, ambako gesi ni nyembamba mno, hupata nafasi na muda. Hivyo ndivyo atomu iliyovimba ilivyoingia katika fizikia: kama maelezo ya kitu kisichoonekana.

Jina lake, hata hivyo, halikutoka kwa Bohr. Lilitoka kwa Johannes Rydberg, Mswidi aliyezaliwa Halmstad mwaka 1854 na kutumia takriban maisha yake yote ya kazi katika Chuo Kikuu cha Lund. Rydberg alikuwa mtu wa hesabu. Alichotaka hasa ni kufumbua siri ya jedwali la elementi, na aliamini siri hiyo imo ndani ya mistari ya mwanga. Akakusanya vipimo vya sodiamu, potasiamu na elementi nyingine, akavipanga, akatafuta kanuni moja ya kuviunganisha vyote. Wakati huohuo, huko Basel, mwalimu wa shule aitwaye Johann Balmer, akiwa na umri wa miaka 60, alichapisha mwaka 1885 kanuni iliyoeleza mistari minne ya hidrojeni kwa usahihi wa kushangaza. Rydberg alipoiona alitambua mara moja kwamba ni kipande tu cha kanuni yake mwenyewe, iliyokuwa pana zaidi. Mwaka 1888 alikuwa nayo mkononi. Ndani yake mlikuwa na namba moja isiyobadilika, iwe elementi gani, na leo namba hiyo hujulikana kama kigezo cha Rydberg: takriban 109,737 kwa kila sentimita.

Hakujua namba hiyo inatoka wapi. Bohr ndiye aliyeonyesha, miaka 25 baadaye, kwamba inaweza kukokotolewa kutokana na chaji na uzito wa elektroni. Rydberg alifariki mwaka 1919 bila kupata Tuzo ya Nobel, na bila kufikiri, nadhani, kwamba jina lake lingekuja kubandikwa kwenye aina nzima ya atomu: zile ambazo elektroni yake ya nje imepandishwa ngazi za juu sana, hadi ikakaribia kuponyoka.

Atomu ya namna hii ni kitu cha ajabu. Kwenye ngazi ya 50, umbali kati ya kiini na elektroni ni kama nanomita 132, na kwenye ngazi ya 100 upana wa atomu nzima hufika takriban sehemu moja ya elfu ya milimita, ukubwa wa bakteria. Kamba inayoifunga elektroni hiyo ni nyembamba mno. Hidrojeni ya kawaida inahitaji nishati ya volti-elektroni 13.6 ili ivunjike. Ikiwa ngazi ya 50, inatosha sehemu moja ya 2,500 ya hiyo. Uga mdogo wa umeme huirarua. Joto linalotoka kwenye kuta za chumba huihamisha ngazi. Kwa mtu anayetaka kukamata kitu na kukiweka mahali pamoja, hakuna mateka mbaya kuliko huyu.

Kwa miongo kadhaa hakuna aliyefikiria kuikamata. Iliguswa tu hapa na pale, mara nyingi na watu waliokuwa wakitafuta jambo lingine. Mwaka 1934 mjini Rome, Edoardo Amaldi na Emilio Segrè walichanganya mvuke wa metali za alkali na gesi za kigeni, wakitarajia mistari ya ngazi za juu isogee kwa namna fulani. Ilisogea, lakini kwa baadhi ya gesi ilisogea upande usiotarajiwa. Enrico Fermi, aliyekuwa akifanya kazi nao, alieleza sababu: atomu ilikuwa kubwa kiasi kwamba maelfu ya atomu za gesi zilikuwa ndani yake, kati ya kiini na elektroni, na elektroni ilikuwa ikizigonga moja baada ya nyingine. Hesabu aliyoibuni kwa ajili ya tatizo hilo dogo ilimsaidia muda mfupi baadaye katika nyutroni, na ndiyo iliyobaki vitabuni. Mistari iliyoizaa ikasahaulika.

Segrè hakuisahau. Huko Berkeley, California, ambako alibaki kwa sababu ya sheria za Mussolini dhidi ya Wayahudi, kulikuwa na sumaku kubwa, ile ya siklotroni ya Ernest Lawrence. Yeye na Francis Jenkins wakaitumia kwa kazi ambayo haikujengewa: waliweka mvuke wa metali kati ya ncha zake na mwaka 1939 wakatangaza namna atomu zilizovimba zinavyoathiriwa na sumaku. Atomu ya kawaida huuhisi uga wa sumaku kidogo tu. Ile iliyovimba huuhisi kwa eneo lake lote, na eneo hilo hukua haraka mno. Mwaka 1969, William Garton na Frank Tomkins walipima bariamu katika maabara ya Argonne, karibu na Chicago, wakaona kitu cha ziada: mawimbi ya ufyonzaji wa mwanga yanayojirudia kwa mpangilio hata pale elektroni ilipokuwa imeshapita mpaka wa kuponyoka, mahali ambapo hapakutarajiwa mpangilio wowote. Kiini kilikuwa kimeiachia elektroni. Sumaku ilikuwa imeishika.

Angani nako atomu hizi zilijitokeza zenyewe. Nikolai Kardashev alitabiri mwaka 1959 kwamba hidrojeni ya ngazi za juu katika mawingu ya nyota ingeweza kusikika kwa redio, na mwaka 1965 kituo cha Green Bank kule West Virginia kikausikia mstari wa ngazi ya 109. Bohr alikuwa sahihi kuhusu nafasi. Tuyaache hayo, maana hadithi yetu ni ya mtego.

Nusu ya pili ya historia hii ilianza Frankfurt. Mwezi Februari 1922, Otto Stern na Walther Gerlach walipitisha mkondo mwembamba wa atomu za fedha katikati ya sumaku ambayo uga wake haukuwa sawa pande zote. Mkondo ukagawanyika sehemu mbili. Watu huusimulia mgawanyiko huo kama ushindi wa fizikia ya kwanta, nao ni ushindi kweli. Lakini kwa anayetaka mtego, habari kubwa zaidi ni kwamba sumaku ilikuwa imeisukuma atomu isiyo na chaji. Kila atomu ya aina hiyo ni sumaku ndogo. Katika uga usio sawa, nyingine husukumwa kuelekea uga mkali na nyingine kuelekea uga dhaifu, kutegemea zimeelekea wapi.

Ukijua hilo, mtego unaonekana kuwa jambo rahisi: tengeneza mahali ambapo uga ni mkali kuliko pande zote, atomu zitakusanyika hapo. Haiwezekani. Sheria za Maxwell haziruhusu uga tuli wa sumaku uwe na kilele katikati ya ombwe. William Wing wa Arizona aliliweka jambo hilo wazi mwaka 1984. Bonde, yaani mahali ambapo uga ni dhaifu kuliko pande zote, linaruhusiwa. Kwa hiyo mtego wa sumaku hushika upande mmoja tu wa mgawanyiko wa Stern na Gerlach: zile atomu zinazokimbia uga mkali. Zile nyingine hazina pa kukaa.

Tatizo la pili lilikuwa kina. Wolfgang Paul, huko Bonn, alikuwa akitumia sumaku zenye ncha sita kukusanya mikondo ya atomu tangu miaka ya 1950, na mwaka 1978 yeye na wenzake walifanikiwa kuhifadhi nyutroni katika pete ya sumaku. Lakini bonde linaloweza kuchimbwa kwa koili za kawaida ni fupi mno. Atomu ya joto la chumbani ina takriban kelvini 300 za mwendo, na mtego mzuri wa wakati ule ungeweza kuzuia chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya hapo. Atomu zingeupita bila hata kuuhisi. Mtego ulilazimika kusubiri jokofu.

Jokofu lilikuja kwa njia ya mwanga. Theodor Hänsch na Arthur Schawlow, Stanford, walipendekeza mwaka 1975 kwamba leza iliyopunguzwa kidogo masafa yake inaweza kuipunguza mwendo atomu inayokuja kuikabili, kwa kuisukuma fotoni moja moja. William Phillips, katika ofisi ya taifa ya vipimo ya Marekani iliyoko Gaithersburg, Maryland, alilichukua wazo hilo na kulifanya chombo. Kadiri atomu inavyopungua mwendo, ndivyo inavyoacha kuitikia leza iliyokuwa ikiisukuma. Phillips na Harold Metcalf waliipitisha ndani ya koili ndefu ya sumaku inayopungua nguvu taratibu, ili sumaku irekebishe mwitikio wake njia nzima. Mwaka 1985 kikundi chake kilisimamisha sodiamu, kisha kikawasha koili mbili zinazotazamana, mikondo yake ya umeme ikipingana. Katikati yake uga ulikuwa sifuri na ukaongezeka kila upande. Kina cha bonde: milikelvini 17. Atomu zilibaki humo kwa wastani wa sekunde 0.83 kabla hazijagongwa na mabaki ya hewa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa atomu zisizo na chaji kuonekana zimenaswa kwa sumaku.

Mtego ule ulikuwa na tundu, nalo lilikuwa palepale katikati. Ettore Majorana alikuwa ameeleza mwaka 1932, miaka sita kabla ya kutoweka kwake kusikoelezeka, kwamba atomu inayopita mahali ambapo uga ni sifuri husahau mwelekeo wake na inaweza kugeuka. Ikigeuka, inakuwa miongoni mwa zile zisizo na pa kukaa, na mtego wenyewe huitupa nje. Kadiri atomu zinavyopoa ndivyo zinavyokaa karibu zaidi na katikati, na ndivyo zinavyovuja zaidi. David Pritchard wa MIT alikwisha pendekeza mwaka 1983 umbo lingine la koili, kwa kuiga kifaa ambacho Mrusi Mikhail Ioffe alikitumia kwa plazma (gesi iliyovunjika kuwa chembe zenye chaji), ambapo chini ya bonde uga ni dhaifu lakini si sifuri. Eric Cornell, Boulder, aliliziba tundu kwa kulizungusha haraka kuliko atomu zinavyoweza kulifuata. Wolfgang Ketterle aliliziba kwa mwale wa leza. Wote wawili walipata mwaka 1995 ule mkusanyiko wa atomu baridi uliotabiriwa na Bose na Einstein, na mwaka 2001 wakaipokea Nobel pamoja na Carl Wieman.

Kufikia hapo kila maabara yenye fedha za kutosha ilikuwa na wingu la atomu lililopoozwa hadi karibu na sifuri kabisa, na pembeni yake leza nyingine zinazoweza kupandisha elektroni ngazi yoyote zipendayo. Mikono miwili ya hadithi ingekutana tu. Mwaka 1998 vikundi viwili, kimoja cha Thomas Gallagher huko Virginia na kingine cha Pierre Pillet kule Orsay nje ya Paris, viliripoti gesi za Rydberg ambazo zilikuwa zimekaribia kuganda mahali pamoja: atomu haziendi popote, ilhali zinahisiana kwa mbali kwa sababu ya ukubwa wake. Mwaka uliofuata, watafiti wa Gaithersburg wakaivunja zenoni baridi na kupata plazma baridi. Mwaka 2000 Gallagher na Pillet kwa pamoja walionyesha kwamba gesi ya Rydberg iliyosongamana hugeuka plazma yenyewe, bila kusukumwa.

Hilo lilionekana kama onyo. Atomu zilizovimba, zikiachwa pamoja, zinavunjana. Lakini huko Ann Arbor, katika Chuo Kikuu cha Michigan, Georg Raithel na wanafunzi wake walitazama mabaki ya uharibifu huo, wakaona jambo ambalo wengine walikuwa wakilipita. Raithel alikuwa na mguu mmoja katika kila nusu ya historia hii. Ujerumani alikuwa amesoma, pamoja na Herbert Walther, mawimbi yaleyale ya Garton na Tomkins katika atomu za rubidiamu. Baadaye akafanya kazi Gaithersburg na Phillips. Mwaka 2001 kikundi chake kiliripoti kwamba ndani ya gesi hiyo inayovurugika, baadhi ya atomu za Rydberg zinaishi muda mrefu kupita hesabu. Kwa kawaida atomu ya namna hiyo hushuka ngazi na kutoa mwanga katika sehemu ndogo ya milisekunde. Hizi zilidumu mara nyingi zaidi ya hapo.

Sababu ilikuwa migongano. Elektroni huru zinazozagaa katika gesi huigonga atomu na kuibadilisha njia elektroni yake ya nje. Leza huipandisha elektroni katika njia nyembamba ndefu inayorudi kila mara karibu na kiini, na ni hapo karibu na kiini ambapo mwanga hutolewa. Mgongano huitoa katika njia hiyo na kuiweka kwenye mzunguko mpana unaokiepuka kiini. Randall Hulet na Daniel Kleppner, MIT, walikuwa wametengeneza atomu za mviringo kamili kwa makusudi mwaka 1983, kwa ufundi wa mikrowevu uliohitaji uvumilivu mwingi. Serge Haroche alijenga juu ya atomu kama hizo kazi iliyompa Nobel mwaka 2012. Ann Arbor zilikuwa zikijitengeneza zenyewe katika vurugu.

Swali lililofuata lilikuwa la moja kwa moja: kama zinaishi muda mrefu hivyo, je, zinaweza kunaswa? Raithel na wenzake wanne walichukua sumaku ya waya ambao, ukipoozwa vya kutosha, hupitisha umeme bila ukinzani. Katikati yake uga ulikuwa tesla 2.9, takriban sawa na ule wa mashine kubwa za MRI hospitalini, na zaidi ya mara 50,000 ya uga wa dunia. Kufanya upoozaji wa leza ndani ya uga mkali hivyo kulikuwa kazi ya peke yake, kwani sumaku huziburuta ngazi za atomu mbali na pale leza zilipotegwa. Waliichapisha kando, mwaka uleule wa 2005 waliotangaza mtego wenyewe. Tundu la Majorana halikuwa na nafasi hapa: chini kabisa ya bonde lao palikuwa na tesla 2.9.

Uga huo ulifanya jambo jingine. Michael Glinsky na Thomas O'Neil wa San Diego walikuwa wameeleza mwaka 1991 kwamba katika sumaku kali elektroni iliyofungwa kwa kamba nyembamba haizunguki tena kiini kama vitabu vya shule vinavyochora. Hufanya miendo mitatu kwa wakati mmoja. Huzunguka kwa kasi duara dogo sana kuuzunguka mstari wa uga. Hupanda na kushuka kwenye mstari huo, ikivutwa na kiini kila inapokipita. Na duara lenyewe, pamoja na mstari wake, huelea taratibu kukizunguka kiini. Duara dogo la haraka ni sumaku inayopinga uga, kwa hiyo huisukuma atomu kuelekea bondeni. Mwelea wa taratibu ni sumaku inayoelekea upande wa uga, kwa hiyo huivuta nje. Atomu hubaki iwapo la kwanza linaushinda wa pili.

Hapa ndipo jaribio la Ann Arbor linapotofautiana na karibu kila mtego uliotangulia. Phillips alijua alichokiweka mtegoni. Cornell alijua. Raithel aliweka mtegoni rubidiamu ya kawaida, akaipandisha kwa leza, kisha akaiacha migongano ifanye inavyotaka. Dema halimchagui samaki anayeingia, humchagua anayebaki. Atomu zilizoshuka ngazi haraka zilitoweka, zilizovunjika ziliondoka kama ioni na elektroni, zilizovutwa na uga mkali zilitupwa nje. Sehemu ndogo tu ilibaki: zile zenye mzunguko mpana na duara dogo lenye nguvu ya kutosha. Hakuna aliyezichagua kwa mkono.

Walizichunguza kwa kipimo kinachoonyesha zilipo, wakikichelewesha zaidi kila mara. Baada ya milisekunde 200 bado walikuwa wakiziona. Kwa atomu ambayo kwa desturi haimalizi milisekunde moja, huo ni uzee. Wingu pia lilikuwa likiyumba, likienda huku na huku ndani ya bonde, na kasi ya kuyumba ilisema kitu, kwa sababu uzito wa rubidiamu unajulikana na umbo la bonde linajulikana. Kilichobaki kutojulikana ni nguvu ya sumaku ndogo iliyomo ndani ya kila atomu. Wakaikokotoa. Ilikuwa kama magnetoni 8 za Bohr, kizio cha nguvu ya sumaku ya atomu, ikipingana na uga. Atomu ya kawaida ya rubidiamu katika mtego huohuo ina 1. Yaani kiumbe dhaifu kuliko wote, ambacho mguso mdogo unakivunja, kilikuwa kimeshikwa mara nane zaidi ya ndugu yake mzima.

Mimi huliweka jaribio hili juu zaidi ya pale linapowekwa kwa kawaida. Halikupata Nobel, wala halina picha ya kupendeza ya kubandika ukutani. Lakini lilichukua uharibifu ambao wengine waliuogopa na kuonyesha kwamba ndani yake mna kitu kinachodumu. Na waandishi wake walitaja wenyewe, katika muhtasari wa makala, ni nani angehitaji habari hiyo: watu wa antihidrojeni.

Antihidrojeni ni hidrojeni ya upande wa pili, ule wa antimata: antiprotoni ikizungukwa na positroni. CERN, karibu na Geneva, walikuwa wametengeneza chache mwaka 1995, lakini zilikimbia kwa mwendo wa karibu na ule wa mwanga na kuteketea mara moja. Gerald Gabrielse wa Harvard alikuwa akihimiza tangu miaka ya 1980 kwamba zinapaswa kuwa baridi na kunaswa kwa sumaku, kwa kuwa hazina chaji ya kushikwa nayo. Mwaka 2002 vikundi viwili huko CERN, ATHENA kwanza na ATRAP cha Gabrielse muda mfupi baadaye, vilizipata baridi kwa wingi. Na zilikuwa zimevimba.

Haikuwa bahati. Antihidrojeni hutengenezwa kwa kuchanganya antiprotoni na wingu la positroni ndani ya uga mkali wa sumaku. Positroni mbili zikiikaribia antiprotoni pamoja, moja huchukua nishati ya ziada na kwenda zake, nyingine hubaki imefungwa, kwa shida, kwenye ngazi ya juu sana. ATRAP walilithibitisha kwa kuzirarua kwa uga wa umeme, na udhaifu wake ukawaonyesha ni aina gani. Zilikuwa zile zile atomu za Glinsky na O'Neil zenye miendo mitatu, kwa chaji zilizogeuzwa. Swali lililokuwa likiwakera wengi ni kama sumaku inaweza kuishika antihidrojeni katika hali hiyo kwa muda wa kutosha ili ishuke ngazi taratibu hadi chini. Ann Arbor, kwa rubidiamu, walikuwa wameonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2006 hesabu za Thomas Pohl na wenzake zikaongeza jambo la kutia moyo: atomu inapopoteza usumaku wake mkubwa wakati wa kushuka ngazi, hupoteza pia sehemu ya mwendo wake, na hivyo mtego wenyewe huipooza.

ALPHA, warithi wa ATHENA wakiongozwa na Jeffrey Hangst, walijenga mtego wenye sumaku ya ncha nane. Kina chake kilikuwa takriban nusu kelvini, ilhali chembe zilizochanganywa zilikuwa na joto zaidi ya hapo, hivyo wengi wa waliozaliwa humo walitoroka. Njia ya kujua kama kuna aliyebaki ilikuwa kuzima sumaku ghafla na kutazama kama kitu kitateketea ukutani. Walirudia mara 335. Mwezi Novemba 2010 wakatangaza atomu 38, zilizokaa angalau milisekunde 172, muda usiopishana sana na zile 200 za Michigan. Mwaka uliofuata zilikaa sekunde 1,000. Kwa muda mrefu kiasi hicho hazikuwa tena zimevimba; zilikuwa zimeshuka ngazi zote ndani ya mtego, na kufikia hali tulivu ya chini.

Michigan wenyewe walihama. Mtego wa sumaku ulikuwa umewapa atomu zilizojichagua, na mwanasayansi hupenda kuchagua mwenyewe. Mwaka 2011 kikundi cha Raithel kikazishika atomu za Rydberg kwa miale ya leza inayoisukuma elektroni moja kwa moja, na mwaka 2020 Wafaransa wakazishika moja moja ndani ya mashimo ya giza yaliyozungukwa na mwanga. Njia hiyo inawavutia wanaojenga kompyuta za kwanta.

CERN wamebaki na sumaku, kwa sababu antihidrojeni bado huzaliwa imevimba na bado lazima ishikwe ikiwa hivyo. Mwaka 2016 ALPHA walipima mstari wake muhimu kuliko yote, ule wa kutoka ngazi ya kwanza hadi ya pili, na kufikia mwaka 2018 usahihi ulikuwa wa sehemu chache katika trilioni moja: hakuna tofauti na hidrojeni. Mwaka 2023 walitangaza matokeo ya mtego uliosimamishwa wima na kufunguliwa polepole juu na chini. Antihidrojeni ilianguka chini, kwa mchapuko wa 0.75 ya ule wa dunia, na kosa la kipimo ni pana kiasi cha kuruhusu 1. Namba ya Rydberg, ile ya mwaka 1888, sasa ina tarakimu zaidi ya kumi, na antimata inatumika kuijaribu.